Jinsi Nilivyofundisha Madereva Kumaliza Mafuta

Siku ya kuniaga mlinipa koti zito, keki na hotuba tatu, nikadhani tumemalizana. Wiki haikuisha simu zikaanza. "Mzee Mlowe, gari linakula mafuta, nifanyeje?" "Mzee, kile kitufe cha EV, cha kwenda kwa umeme, nikikibonyeza muda wote si naokoa?" Huokoi. Kitufe kile kinamaliza betri, halafu injini inaamka na kufanya kazi ya ziada kuijaza. Nimelisema hilo kwa upole, nimelisema kwa ukali, nimelibandika kwenye mlango wa stoo, na bado mnanipigia nikiwa shambani na jembe mkononi. Sasa naandika, mara moja tu. Atakayepiga tena kuuliza habari za mafuta nitamwuliza kwanza kama amesoma.

Mambo ya vyeo na mishahara hayamo humu. Waliotaka kuyajua walikuwa wakiyajua kabla yangu.

Nilianza udereva Lupembe, kwenye lori la kukusanya majani ya chai. Siku yangu ya kwanza ilinyesha, barabara ilikuwa inateleza, na gia ya pili ilikuwa haiingii mpaka uibembeleze. Dereva mkuu, Mzee Ngimbudzi, alikaa pembeni yangu kutwa nzima. Kabla sijawasha injini aliniambia, "Vua kiatu cha kulia." Nilidhani ananitania. "Vua. Nataka mguu wako usikie pedali. Wewe unakanyaga mafuta na buti la shamba, utajuaje umekanyaga kiasi gani?" Nikaendesha na mguu mtupu kwenye ile baridi ya Lupembe, vidole vikiwa vimekufa ganzi, mpaka saa saba mchana. Yule mzee hakuwa na huruma, lakini mguu mwepesi nilionao mpaka leo ni wake.

Jambo la pili alilonifundisha ni frii. Ukifika juu ya mteremko, unajaribu breki kwanza, ukiona zinashika unatoa gia na kuliacha lori lishuke lenyewe. "Hapa mafuta ni bure, mwanangu," alikuwa akisema, "Mungu mwenyewe ndiye anasukuma." Alijua ni miteremko ipi ya kufanya hivyo na ipi ya kushuka na gia nzito huku unasali. Mimi nilichokibeba ni ile sehemu ya Mungu kusukuma. Nikaifanya kwenye lori, nikaifanya kwenye pikapu za shirika nilipohamia Njombe mjini, na nilipokabidhiwa usimamizi wa madereva nikamfundisha kila aliyepita mikononi mwangu.

Kazi ya shirika letu mnaijua: kuwapeleka mabwana na mabibi shamba kwa wakulima wa chai, viazi na maparachichi, na kuwarudisha. Kwa miaka mingi tulifanya hivyo kwa pikapu. Halafu yakaja magari mawili madogo ya haibridi, yanayokwenda kwa petroli na umeme, yametumika Japani, yamesafishwa yanang'aa. Vituko vya wiki ile sitavisahau. Mlinzi alikataa kuyaosha akiogopa kupigwa shoti. Mhasibu aliuliza tutayachomeka wapi. Dereva mmoja aliwasha moja, hakusikia mngurumo, akaliwasha tena, akazima, akawasha, mwishowe akaja kuniambia gari limekufa, nalo limesimama pale limewaka muda wote ule. Nikafungua kitabu cha maelekezo ili nijifunze. Kilikuwa cha Kijapani mwanzo mpaka mwisho.

Mtu mwenye akili angetafuta fundi wa kumwuliza. Mimi nilikuwa mzee wa kazi. Nikawakusanya madereva uani nikatoa amri kana kwamba nimeliunda gari lile mwenyewe. Asubuhi injini ipashwe moto kwa dakika kumi, kwa sababu hii ni Njombe na Juni haina mchezo. Kila mteremko, frii. Na siti za nyuma zitandikwe blanketi nzito, zile za kijivu, kwa sababu wageni wetu wanatoka shambani na matope. Nilinunua mablanketi mwenyewe sokoni na kuyapima mpaka yakafunika siti yote na pembe zake. Niliyachomekea vizuri pande zote mbili. Nilijivunia ile kazi.

Gari moja akapewa Bosco, la pili Tumaini Chaula.

Bosco mnamfahamu. Asubuhi anafika amechelewa, kwa hiyo kupasha injini moto hakukuwahi kutokea. Frii ilimchosha mkono. Aliweka D, gia ya kwendea, akitoka getini na kuisahau hapo mpaka arudi. Blanketi lake mkurugenzi alilitupa nje siku ya tatu kwa sababu lilikuwa linaacha manyoya kwenye suti. Niligomba, nikamwandikia Bosco onyo, nikamtaja mbele ya wenzake kuwa mfano wa dereva asiyesikia.

Tumaini alikuwa kinyume chake. Alitoka Matamba, alikuwa ameendesha kenta ya viazi kuteremka zile kona za kule ambazo wanaume wengine wanazishuka wamefumba macho. Alikuwa mwanamke mkimya, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, na kila nilichosema alikifanya kama nilivyokisema. Dakika kumi, anazihesabu kwa saa. Mteremko, N, yaani frii. Blanketi, analikung'uta kila jioni na kulichomekea upya. Kosa lake kubwa katika habari hii yote lilikuwa kunitii.

Baada ya miezi kadhaa nikaanza kuona jambo la ajabu kwenye madaftari ya magari. La Bosco lilikuwa linakwenda kilomita ishirini na zaidi kwa lita moja. La Tumaini lilianza hivyohivyo, likashuka, likashuka tena, mpaka likawa halina tofauti na pikapu nzee. Magari mapacha, matairi ya aina moja, kituo kimoja cha mafuta. Mwulizeni dereva yeyote wa nchi hii maana yake nini. Maana yake kuna mtu ana mpira na dumu, anafyonza.

Uani wakaanza kumwita Mpira. Nilisikia na sikukataza.

Nilimwita ofisini nikamweleza hesabu ya kilomita. Alisimama, hakukaa. "Mzee, mimi mafuta sijayagusa," alisema. "Ukitaka niape nitaapa, lakini naona hutaniamini. Naomba ufikirie jambo moja. Nikiachishwa kwa sababu kazi imeisha, nitatafuta nyingine. Nikiachishwa kwa wizi wa mafuta, nani tena Njombe hii atanipa funguo ya gari lake? Nina mtoto wa darasa la pili, na mama yangu yuko Matamba ananitegemea. Udereva ndio ninaoujua." Nikamwambia hayo yote angeyafikiria kabla. Naam, nilisema hivyo. Akatoka, nami nikaandika barua kwa mkurugenzi: matumizi yasiyoelezeka, kuna kila dalili ya mafuta kufyonzwa, napendekeza aachishwe. Nilipiga muhuri. Mkurugenzi akasema atatoa uamuzi Ijumaa.

Jumatano nikaamua kupanda naye. Msinisifu, sikuwa natafuta haki. Nilitaka nimkamate ili Ijumaa nisiulizwe maswali. Nilibandika karatasi yenye saini yangu juu ya kifuniko cha tangi, nikakaa siti ya mbele na daftari mapajani kama msimamizi wa mtihani.

Tulikwenda Lupembe kupeleka vipeperushi na kuchukua sampuli za udongo. Aliendesha vizuri mno. Mguu mwepesi, breki mapema na taratibu, hakuna kurukaruka. Kila tukifika juu ya mteremko mkono wake ulikwenda kwenye N, nami nikatikisa kichwa kukubali. Nilitazama dashibodi nikaona picha ya betri ina vibao viwili tu, injini inanguruma hata mahali tambarare. Nilijiambia ni uzee wa gari. Miaka mingi kwenye magari, na bado nilikuwa natafuta mwizi huku jibu liko mbele ya pua yangu linawaka taa.

Tukarudi mjini, tukapitia Yakobi kwa wakulima wa viazi. Hapo wanaotujua wanajua kitakachofuata. Mgeni haondoki Yakobi mikono mitupu. Tulimkuta mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi, amesimama barabarani na viroba vitatu.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mama. Lakini leo buti limejaa sampuli."

"Si kuna siti ya nyuma? Weka hapo. Au viazi vyetu siku hizi mnavidharau?"

Tukavipanga siti ya nyuma juu ya blanketi, vimebanana mpaka mlangoni, udongo mbichi bado umeganda. Kila kiroba kilikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa jina. Kimoja cha mkurugenzi, kimoja cha mhasibu, kimoja changu. Nilimwuliza Tumaini kama ndivyo inavyokuwa siku zote. "Kila wiki, mzee," alisema. "Vingine huwa navishusha kwako. Mama wa kwako huwa ananipokea." Ni kweli. Nyumbani tulikuwa tunakula viazi vile tangu masika, vya kuchemsha, vya kukaanga, na sikuwahi kujiuliza vinafikaje.

Kutoka hapo tukashika njia ya Makambako kuchukua mzigo wa ofisi. Hatukufika mbali, nyuma yangu kikaanza kitu kuvuma, chembamba halafu kikali, mpaka ikabidi tuongee kwa sauti.

"Hiyo nini?"

"Feni, mzee. Ndiyo ile niliyoiandika."

"Umeiandika wapi?"

Alinyoosha kidole kwenye daftari lililokuwa mapajani mwangu. Nikafungua. Kuna safu ya mwisho, upande wa kulia, inaitwa maoni ya dereva. Wiki baada ya wiki, kwa mwandiko wake mdogo uliosimama: Feni ya nyuma inapiga kelele. Feni inapiga kelele, injini haizimi. Betri haijai, naomba fundi alione. Naomba fundi alione. Naomba fundi. Na pembeni ya kila mstari kulikuwa na saini yangu. Nilikuwa nasaini Ijumaa mchana, kurasa zote kwa mkupuo, macho yangu yakiwa kwenye safu ya kilomita peke yake. Nilifunga daftari. Kabla ya kufika Makambako taa ya pembetatu ya onyo ikawaka kwenye dashibodi.

Makambako yuko fundi anaitwa Sixtus, ana gereji karibu na reli, amejifunza magari haya kwa kuyafungua mwenyewe. Alipofungua mlango wa nyuma hakugusa injini wala waya. Alishusha viroba. Akavuta blanketi langu, lile nililolipima. Ubavuni mwa siti, chini kidogo, kulikuwa na kidirisha cha plastiki chenye matundu, ukubwa wa kiganja.

"Mnakiona hiki? Betri kubwa iko nyuma ya siti hapa. Inapata joto, na hewa ya kuipoza inapitia hapa. Nyinyi mmeiziba mdomo na blanketi, mkaikalishia na viazi juu." Akafungua vifungo, akatoa chujio. Lilikuwa limegeuka kipande cha udongo mwekundu kilichochanganyika na manyoya ya kijivu. Feni yenyewe ilikuwa imevaa sweta. "Ikishikwa na joto inagoma kufanya kazi. Ikigoma, kila kitu kinabebwa na injini. Mafuta yatabaki?"

Alisafisha kwa brashi na upepo wa kompresa, akapima, akasema betri bado nzima, tuna bahati. Halafu akauliza, "Kwenye miteremko mnafanyaje?"

Tumaini alinitazama. Angeweza kujibu. Aligeuka kutazama malori barabarani.

"Tunaweka frii," nikasema.

Sixtus aliweka brashi chini. "Frii! Mzee wangu, gari hili linajaza betri kwenye mteremko. Ukiwa kwenye D na umeinua mguu, magurudumu yanazungusha mota, mota inatengeneza umeme. Ukiweka N umekata. Unashuka na chakula kinamwagika njiani. Halafu ukipanda unanunua kingine kwa petroli. Asubuhi mnalipasha moto?"

"Dakika kumi."

"Dakika kumi, limesimama!" Alishika kichwa. "Nani aliwafundisha ujinga huu?"

"Mimi," nikasema.

Sijui kama mmewahi kusema neno hilo mbele ya fundi, vijana wake wawili na mtu mliyemwandikia barua ya kumfukuza. Lilitoka kavu. Nilijiona mpumbavu, na nilikasirika, na kwa aibu yangu hasira ya kwanza niliielekeza kwa Mzee Ngimbudzi aliyelala kaburini kwake kwa amani, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuliona gari la haibridi.

Tulirudi Njombe kwenye D, viroba vimehamia mbele, kimoja kikiwa katikati ya miguu yangu, kidirisha cha kando ya siti kikiwa wazi. Kwenye mteremko wa kwanza mkono wa Tumaini ulikwenda kwenye gia kwa mazoea, akaurudisha. Vibao vya betri vikaanza kupanda. Kwenye tambarare injini ikazima yenyewe, kukawa kimya, tukasikia matairi tu. Kifuniko cha tangi kilikuwa bado na karatasi yangu, saini haijachanika.

Basi kwa wale wa simu, yote niliyopaswa kuyasema tangu mwanzo ni haya. Acheni gari kwenye D. Ondokeni taratibu mara tu mnapowasha, lipate joto likitembea. Mkiona kona au tuta, inueni mguu mapema na mguse breki kidogo kwa muda mrefu. Mkisubiri mpaka mwisho mkakanyaga kwa nguvu, ule umeme umepotea kwenye pedi za breki. Herufi B kwenye gia si ya betri, ni ya kusaidia breki kwenye mteremko mkali, msiende nayo mpaka sokoni. Hita inaifanya injini iwake; najua kuna baridi, vaeni koti. Upepo wa matairi upimwe kwa geji, tairi likiwa la baridi, si kwa kupiga teke. Oili iwe nyepesi kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko, na fundi atakayewaambia gari limezeeka liwekewe nzito, mshukuruni na kumuaga. Na kidirisha kile kando ya siti ya nyuma kisizibwe na kitu chochote, hata kama kitu hicho ni zawadi ya mwenyekiti. Hayo tu. Hakuna siri nyingine, na hakuna kitufe.

Alhamisi nilikwenda kwa mkurugenzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema, "Basi tuandike hitilafu ya kiufundi, tuyamalize. Hakuna haja ya kuingiza mablanketi humu, Mzee Mlowe. Umebakiza muda mfupi kustaafu, usijichafue." Nakiri nilivutiwa. Hitilafu ya kiufundi haina jina la mtu. Tumaini angebaki na gari, mimi ningebaki na heshima, na uani wangeendelea kumwita Mpira wakidhani ameponea chupuchupu.

Ijumaa asubuhi, wakati wa kukagua magari, niliwasimamisha wote. Nikasema mafuta hayakuibwa. Nikasema frii ilikuwa amri yangu, blanketi langu, dakika kumi zangu, na kwamba Bosco ameokoa mafuta kwa uvivu wake na mimi nikampa onyo. Wakacheka hapo, nikawaacha wacheke. Nikasema Tumaini aliandika tatizo wiki baada ya wiki na mimi nikasaini bila kusoma. Nikamgeukia, nikamwomba radhi mbele yao. Kwa mtu wa umri wangu si jambo dogo, na nilitegemea angalau aseme yameisha.

Alisubiri wenzake watawanyike. "Nashukuru, mzee," alisema. "Ile ya kwanza, kwamba mimi ni mwizi, ulisema au uliandika?"

"Niliandika."

"Iko wapi?"

"Kwenye faili lako."

"Basi na hii andika. Hawa wamesikia, kesho kutwa watahama. Faili halihami."

Nilichukia. Nilirudi ofisini nikibamiza mlango, nikanung'unika juu ya vijana wa siku hizi wasiotosheka, nikachukua karatasi. Nilichana ya kwanza kwa sababu ilikuwa inaeleza mambo ya betri ukurasa mzima na jina lake halimo. Nilichana ya pili. Ya tatu ilikuwa fupi: kwamba barua yangu ya awali haikuwa ya kweli, kwamba Tumaini Chaula hakuiba mafuta, kwamba kwa bahati mbaya msimamizi hakusoma maoni yake kwenye daftari la gari. Nikapiga muhuri uleule, nikamwita.

Aliisoma amesimama. Akairudia kutoka juu. Kisha akaiweka mezani, akaigeuza inielekee, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Hapa umeandika kwa bahati mbaya."

"Ndiyo."

"Futa."

Nilimtazama, naye akanitazama, kidole hakikutoka. Nikachukua kalamu, nikafuta maneno yale matatu, nikasaini pembeni.